Moka poti na kahawa ya nyumbani

Kila mgeni anayeingia jikoni kwangu ananiuliza kwa nini nahangaika na hii moka poti, kibirika cha kupikia kahawa kwenye moto, wakati kahawa ya kukoroga ipo dukani, dakika moja umemaliza. Ile ni chapchap sawa, lakini haina harufu ya kahawa yenyewe na mimi hiyo harufu naijua. Kwetu Uchagani kahawa iko chini ya migomba, arabika, tukiwa wadogo likizo tulikuwa tunachuma zile nyekundu tu, zinamenywa kwa mashine ya mkono, zinalazwa mpaka ule utelezi utoke, zinaoshwa, zinaanikwa, alafu gunia linaenda chama cha msingi cha ushirika kuuzwa na sisi tunarudi ndani kunywa chai. Yaani familia inalima kitu miaka yote na haikionji, na hilo linaniuma mpaka leo. KNCU, ule ushirika mkuu wa wakulima wa kahawa Kilimanjaro, ilianza 1933, na mwaka huohuo ndo Alfonso Bialetti kule Italia alitoa hili birika la alumini lenye pembe nane, nikiwaza hivo naona vimechelewa sana kukutana.

Lenyewe halina mambo mengi. Chini maji, yasivuke kile kivalvu cha pembeni maana ndo kinatoa mvuke ukizidi. Kahawa isagwe laini kiasi, isiwe vumbi, najaza kichujio nasawazisha kwa kidole bila kushindilia, ukishindilia maji yanakosa pa kupita. Nakaza, alafu moto, na hapa ndo kila kitu kinaamuliwa. Mvuke wa chini ndo unasukuma maji yapande yapite kwenye kahawa, sasa moto ukiwa mkubwa yanapanda kwa fujo na kahawa inakuwa na uchungu wa kuungua, sio ule uchungu mzuri wa kahawa ya vijiweni unaokunywa na kashata. Mi naweka moto mdogo kabisa, mfuniko wazi, nasimama hapohapo sigusi simu. Inatoka taratibu nyeusi tii, baadae inapauka inakuwa rangi ya asali, ikianza tu kukoroma nazima na kitako nakitia kwenye maji baridi, maana yale matone ya mwisho ndo yanaharibu yote yaliyotangulia.

Mama alipokuja Dar alibeba kidogo ya shambani kwake. Nikaitwanga kutoa ganda, nikaipepeta, nikaikaanga kwenye sufuria mpaka jirani akachungulia, nikasaga nikampikia. Akanywa bila sukari, akanyamaza, akauliza, "Hii ni ile yetu kweli?" Nikamwambia ndiyo mama, ni ileile. Akasogeza kikombe nimwongezee.

Msimu huu amesema debe moja linabaki nyumbani, haliendi chama. Natafuta kinu cha kusagia cha mkono nimpelekee, na birika la vikombe sita, hili langu la vikombe vitatu kwa nyumba ile halitoshi kabisa.