Watu 13 ndani ya ndege moja

Wete, Jumapili usiku. Umeme umerudi saa tatu na mke wangu kashalala, baada ya kuniuliza mara ya pili wiki hii: "Baba Asha, hizo ndege za Wazungu zitatutengenezea choo lini?"

Ndege zenyewe ni zile zilizowadondoshea chakula Waholanzi wenye njaa mwaka 1945, ambazo habari zake nazifuatilia. Nilianza kwa bibi, Mungu amrehemu. Alizoea kutusimulia zama za vita, mchele wa Burma ulipokatika baada ya Wajapani kuingia kule 1942, watu wakarudi kwenye muhogo na chochoni. Kiazi kile kina sumu. Lazima kilowekwe na kuoshwa mara nyingi, na mwenye haraka hujuta. Siku moja nikasoma kwamba Waholanzi nao, katika baridi ya 1944 na 1945, walikula vitunguu vya maua ya tulip, na kwamba kiini cha ndani hutolewa kwanza kwa kuwa kinadhuru. Nikamkumbuka bibi na beseni lake. Tangu hapo sijatoka huko.

Mwisho wa Aprili 1945 magharibi ya Uholanzi bado ilikuwa mikononi mwa Wajerumani, na maelfu walikwishakufa kwa njaa. Tarehe 29 ndege za Waingereza aina ya Lancaster zikaanza kupita chini kabisa, kama mita 120, zikimwaga magunia bila miavuli. Mapatano na Wajerumani yalikuwa hayajatiwa saini siku hiyo. Marubani walipita juu ya midomo ya mizinga ileile iliyokuwa ikiwapiga wiki chache nyuma. Kazi hiyo Waingereza waliipa jina la Manna, na sisi mana na salwa tunazijua tangu chuoni. Wamarekani walioingia Mei mosi waliiita yao Chowhound, yaani mlafi. Kila watu na chuo chao. Kwa siku kumi hivi zilidondoshwa zaidi ya tani 10,000 za chakula.

Ukitafuta hasara, muhtasari mwingi unakupa mstari mmoja: ndege tatu, mbili ziligongana, moja injini ilishika moto. Basi. Mstari huo ndio ulioniudhi.

Nikaishika moja tu, B-17, ndege ya mabomu ya Wamarekani wa kikosi cha 95 kilichokaa Horham, Suffolk, huko Uingereza. Ilianguka baharini karibu na pwani ya Uingereza ikirudi kutoka kudondosha chakula. Injini iliwaka, na zipo habari za risasi kutoka IJmuiden, pwani ya Uholanzi. Ilikuwa 7 Mei, siku ileile Wajerumani walipotia saini kusalimu amri huko Reims. Ndani walikuwamo watu 13, wakaokoka wawili.

Kumi na tatu! Ndege ile huruka na watu tisa au kumi. Nilihesabu upya nikidhani nimekosea. Kumbe wengine walikuwa watu wa kazi za uwanjani, si wa angani, waliopewa nafasi wapande wakaone. Vita vyote walikuwa uwanjani, hatimaye ikaja safari isiyo na mabomu. Nani angekataa?

Hapo nilifunga kompyuta, kwa sababu ya ami.

Meli iliyozama mkondo wa Nungwi usiku wa kuamkia 10 Septemba 2011 ilikuwa ikija kwetu Pemba, imebeba watu na mizigo kupita kiasi. Baadhi ya waliopona walielea juu ya magodoro. Ami hakupatikana, wala jina lake hatukuliona kwenye orodha yoyote tuliyosomewa. Miaka yote nimekuwa nikiwaambia watu kwamba alikuwa abiria aliyepanda bila tiketi. Nilisema hivyo kwa aibu kidogo, kama vile kosa lilikuwa lake.

Jana nilimsomea mama habari za ndege ile, na katika daftari nilikuwa nimeongeza ami chini ya wale 13: abiria, bila tiketi. Mama aliacha kuchambua mchele.

"Nani kakwambia abiria? Ami yako alikuwa hamali bandarini Malindi, Unguja. Alipanda kumwekea mtu friji, meli ikang'oa naye. Futa hapo."

Nimefuta. Nimeandika: alikuwa kazini, akipakia friji.