Kukimbia kwa Mwendo wa Mazungumzo

Huu ni mwezi wa tatu tangu nijiunge na darasa la wanaoanza mbio ndefu. Tunakutana saa kumi na mbili asubuhi, Jumatano na Jumamosi, katika bustani ya Mama Ngina, Mombasa, ambayo wenyeji wengi bado huiita Lighthouse, na kubwa nililogundua ni kwamba sikujua kukimbia polepole.

Siku ya kwanza tulipewa zoezi la kukimbia dakika moja na kutembea dakika mbili, mara nane. Niliona ni mchezo wa watoto, nikachomoka mbele ya wenzangu kama ninayefukuzwa, na kufikia mara ya nne kichomi kilikuwa kimenishika chini ya mbavu hata nikaketi chini ya mbuyu nikihema. Mama mmoja wa rika la mamangu, aliyevaa buibui na raba, alinipita kwa mwendo wa mtu aendaye sokoni, akaniuliza bila kusimama: “Mwanangu, wakimbilia wapi? Feri yenyewe ingali Likoni.”

Kocha wetu hataki tutazame saa. Kipimo chake ni maneno: hukujia ubavuni mkikimbia, akakuuliza jana ulikula nini, nawe huna budi kumjibu kwa sentensi nzima. Ukisema “wali” kisha ukanyamaza, anakurudisha kwenye kutembea. Mwanzoni nilidhani ni mzaha, mpaka alipotueleza kwamba moyo na mapafu huzoea mazoezi katika muda wa wiki chache, ilhali kano na mifupa huhitaji miezi, na kwamba wanaoanza wengi huumia katika pengo hilo, pumzi ikiruhusu mwendo ambao miguu haijawa tayari kuubeba. Nilimwelewa vizuri zaidi wiki ya tano, nilipoongeza umbali kwa siri siku ya Ijumaa na kuamka na maumivu ya ugoko yaliyonikalisha nyumbani siku 9.

Kisha kuna hewa yetu ya Pwani. Jasho hupoza mwili linapokauka, na penye unyevu mwingi halikauki upesi, hutiririka tu, moyo nao ukazidi kupiga ingawa kasi ni ile ile. Hili haliwasumbui wanaoanza peke yao. Tarehe 24 Machi 2007, mashindano ya dunia ya mbio za nyika yalifanyika katika uwanja wa gofu ulio jirani na hapa tunapokimbilia, na Kenenisa Bekele wa Ethiopia, aliyekuwa ameshinda mbio ndefu za mashindano hayo mara tano mfululizo, aliacha kabla ya kufika mwisho katika joto hilo. Zersenay Tadese wa Eritrea ndiye aliyeshinda. Kwa hiyo asubuhi yenye mvuke mzito, nikijikuta nyuma ya mwendo wangu wa juma lililopita, siku hizi sioni aibu.

Kujilinganisha na wengine nako nimekupunguza, ingawa hesabu moja hunichekesha: Eliud Kipchoge alipokimbia kilomita 42.195 kwa saa 1:59:40 mjini Vienna mwaka 2019, kila kilomita ilimchukua takriban dakika 2 na sekunde 50. Kilomita yangu huchukua dakika 8 na nusu, yaani mara tatu kamili.

Jumamosi iliyopita nilikimbia dakika 20 bila kutembea hata hatua moja, sambamba na yule mama. Kocha alipotufikia na swali lake nikaanza kumsimulia samaki wa kupaka, tangu kukuna nazi, kukamua tui la kwanza na la pili, kumchoma samaki nusu na kumpaka rojo. Nilipokuwa bado kwenye ndimu akainua mkono, akasema yatosha, akaenda kumuuliza mwingine.