Siku moja maishani mwangu: mshauri wa soba hausi, Mwanza

Saa kumi na mbili asubuhi nishatoka Igogo, napanda gari la Airport maana soba hausi yetu, nyumba wanakokaa watu wanaoacha pombe na madawa ya kulevya, iko kule mbele njia ya Igombe. Tukipita Kirumba harufu ya dagaa wa Mwaloni inaingia mpaka ndani ya gari, na wengi ninaokaa nao kutwa nzima wametokea hukohuko, wavuvi, wabeba mizigo, wachuuzi.

Saa moja na nusu napokea zamu. Leo kuna kijana kaingia jana usiku, mnywaji wa gongo wa kila siku, mikono inatetemeka jasho linamtoka. Huyu si wa kuongea naye habari za utoto, huyu ni hospitali saa hiyohiyo, maana mtu wa pombe nyingi akikata ghafla, ndani ya siku mbili za kwanza anaweza kuanguka kama mwenye kifafa, na siku ya pili mpaka ya nne akaweweseka na hata kufa. Tumemtafutia usafiri kaenda.

Saa tatu kikundi. Mmoja anakaribia kutoka, alikuwa wa unga, yaani heroini, nikamrudia tena kwamba mwili wake umeshasahau, kile kipimo alichokizoea zamani sasa hivi kinamuua. Kaitikia kwa kichwa, nikamwambia hapana, sema kwa mdomo wako nisikie, akasema.

Saa tano ni Baba Kulwa (jina na mambo yake mengine nimebadilisha). Mvuvi wa dagaa. Kila siku anasema kilichomponza ni mbalamwezi, maana mwezi ukiwa mkubwa taa hazivuti dagaa, mnakaa kambini hamna kazi, mnakunywa. Ni kweli kabisa, ila wenzie nao walikaa kambini na hawakufika alipofika yeye. Wiki za mwanzo sikumchimba kabisa, mtu ambaye hajatulia ukimfukulia maumivu unamrudisha kwenye chupa, kwanza ale, alale, azoee nyumba. Sasa ana miezi kadhaa.

Leo kaingia kanuna, kimya dakika kama kumi, afu akasema, "Madam mi nafikiri niende tu nyumbani, nimeshapona." Nikamuuliza hilo wazo limeanza lini baba? "Alhamisi." Alhamisi ndo siku niliyoondoka kwenda msibani Magu. Nikamwambia hivyo tu, sikuongeza neno. Akaangalia chini sana, afu akasema, "Ulisema unarudi Jumatatu. Mi nikajua ndo basi." Na hapo ndo akanisimulia mama yake, alivyomwacha kwa bibi Ukerewe akiwa mdogo akamwambia naenda gulioni, asirudi mpaka yeye kabalehe. Tukaanza kuhesabu pamoja, mke wa kwanza, tajiri wa mtumbwi, rafiki yake, kila akihisi mtu anataka kumwacha yeye anawahi kuondoka, na anaondoka na pombe.

Hii ndo kazi yenyewe ya tiba ya saikodainamiki, kinachotokea kati yangu na yeye mle chumbani ni kilekile cha zamani kimekuja kwa sura mpya, na safari hii tunaweza kukiongelea badala ya kukinywea. Daktari wa akili wa Marekani, Edward Khantzian, aliandika mwaka 1985 kwamba mtu hakamatwi na kilevi kwa bahati tu, kuna hisia asiyoweza kuibeba na kile kilevi kinamsaidia kuibeba. Mi naliona kila wiki. Ukimnyang'anya mtu pombe usijue ilikuwa inamshikia nini, umemwacha mikono mitupu.

Saa saba ugali na dagaa, haraka haraka.

Saa tisa kikao cha wafanyakazi, na leo tumegombana kweli. Kuna kaka mmoja, mpishi anasema ni kijana mzuri mno, mlinzi anataka afukuzwe leo, mi mwenyewe nikikaa naye nachoka nasinzia. Msimamizi wetu akatuuliza, hivi nyumbani kwao nani alimpenda, nani alimpiga, nani alikuwa hamuoni? Kimya. Maana ukiishi na mtu usiku na mchana anampa kila mmoja wenu kipande cha yaliyompata kwao, na msipokaa mkaviunganisha vipande hivyo mtamfukuza yeye kwa hasira ambazo si zenu. Tumekubaliana habaki na mtu mmoja anayemtetea, tutakuwa na kauli moja.

Saa kumi na moja naandika mafaili. Kabla sijatoka nimemfuata meneja nikamwomba likizo na ruhusa zetu zote ziwe zinabandikwa ubaoni mapema, na kila mshauri awaambie watu wake mwenyewe kwa mdomo anaondoka lini anarudi lini. Kakubali, tunaanza wiki ijayo. Ya kwangu ni Desemba, na Baba Kulwa nitamwambia kesho saa tano.