Tujitoze kwa thamani, si kwa kilo

Upepo wa kusi ukitulia, mkutano mkuu wa diko letu, hapa tunaposhushia na kuuza samaki, utapiga kura juu ya tozo. Pendekezo nimeliandika mimi, mweka hazina, na nataka kila mwanachama alijue mapema, asije akalisikia kwa mara ya kwanza siku ya kura. Ninachotaka ni hiki: tuache shilingi tano kwa kilo, tutoze asilimia tatu ya bei ya samaki, palepale kwenye mizani.

Sisi tuko upande wa Likoni. Samaki wetu wengi ni wa miambani: tafi, changu, pono, pweza maji makubwa ya bamvua yakitoka, na kamba mawe ambaye hata hagusi meza ya diko, anapita moja kwa moja kwenda hotelini. Vyombo vyetu ni ngalawa na madau, wenye mashine ni wachache. BMU kama yetu, yaani vikundi vya wavuvi vya kusimamia ufuo, zimetokana na kanuni za 2007, na sheria ya uvuvi ya 2016 ikazithibitisha: tusimamie diko pamoja na serikali. Bwana samaki, yaani afisa uvuvi wa kaunti, anakuja anapoweza, ana madiko mengi. Watafiti wa KMFRI, taasisi ya utafiti wa bahari na uvuvi pale Mkomani, wanatusaidia wanapokuwa na mradi. Lakini petroli ya doria, posho ya karani anayepima samaki alfajiri, vitabu vya risiti, boya za mpaka wa tengefu, eneo tulilolifunga lisivuliwe, zinazokatika kila kusi, hivyo vyote vinatoka mfukoni mwetu au havipatikani kabisa.

Sasa tazameni shilingi tano inavyofanya kazi. Kilo ya dagaa ikiuzwa 150, tano ni zaidi ya asilimia tatu. Kilo ya kamba mawe ikiuzwa 1,200, tano haifiki hata nusu ya asilimia moja. Yaani aliyepata samaki wa bei ya chini ndiye anayelibeba diko mgongoni. Kwa asilimia tatu, wa dagaa atatoa shilingi nne na nusu, wa kamba mawe atatoa 36. Na kamba mawe ndiye tunayemfanyia doria zaidi, kwa sababu ndiye anayeibwa usiku, wadogo na wenye mayai wakiwemo.

Asilimia ina jambo lingine ninalolipenda. Bei ikianguka, tozo inaanguka nayo. Mvuvi aliyeuza kwa hasara halazimiki kutoa kilekile alichotoa siku ya neema.

Wakati nikiandika pendekezo nilisoma habari za wapiga mbizi wa kusini-mashariki mwa Alaska, huko Marekani, na sikutarajia kukuta mambo yetu kwa watu wa maji ya barafu. Wanavua jongoo bahari, ndiyo, huyuhuyu jongoo ambaye vijana wa Shimoni na Vanga wanamzamia, pamoja na urchini wa miiba na kombe wakubwa wa mchangani waitwao geoduck. Ni uvuvi mdogo. Kuusimamia kunahitaji wapiga mbizi wa idara ya uvuvi washuke kuhesabu kabla ya msimu, na geoduck lazima wapimwe sumu kabla ya kuuzwa. Wavuvi wenyewe walikubali kuzilipia kazi hizo. Sheria ya jimbo inawaruhusu kujichagulia kwa kura kiwango cha asilimia 1, 3, 5 au 7 ya thamani ya mavuno. Kwa jongoo bahari wamejitoza 5, kwa geoduck 7. Mnunuzi ndiye anayekata na kupeleka. Fedha inapita hazina ya jimbo, kisha inarudi kwenye usimamizi wa uvuvi uleule iliotoka. Na maeneo ya jongoo wanayavua kwa zamu, kila eneo likipumzishwa hadi miaka mitatu itimie.

Sisemi tuige kila kitu. Wao wana leseni chache na wanunuzi wanaojulikana; sisi tuna vijana wa miguu wanaochokoa pweza na kuuza njiani. Nilichokichukua kwao ni mambo mawili, kura ya wenye kulipa na kukatia kwa mnunuzi.

Hili la mnunuzi ndilo litakaloleta kelele. Matajiri wetu, yaani wanunuzi wakubwa, wamewakopesha wavuvi nyavu na mashine, na wengine wanataka samaki wapite pembeni ya mizani moja kwa moja hadi kwenye pikipiki. Naomba wavuvi waelewe kwamba samaki asiyepimwa anapotea mara mbili. Tozo yake imekwenda, na habari yake imekwenda. Karani wetu anaandika jina la chombo, aina ya dema (mtego wa kusuka) au wavu, idadi ya mabaharia, aina ya samaki, kilo na bei. Mstari ule mmoja ndio risiti, na ndio takwimu. Siku tukienda kaunti kudai kwamba nyavu za kukokota zimemaliza vitoto vya tafi, hatuna ushahidi mwingine zaidi ya vitabu vile. Ndiyo maana sikupendekeza asilimia tano wala saba. Tozo kubwa inamfundisha mtu kuficha, na akificha, hata yule mtafiti wa Mkomani atahesabu bahari isiyokuwepo.

Nahodha mmoja mzee, namheshimu kama baba yangu, aliniambia chini ya mwarobaini, "Mwanangu, bahari ni ya Mungu. Wewe watutoza cha nani?" Nikamjibu, "Kweli baba, ni ya Mungu. Lakini petroli ya doria twainunua, na msipoinunua nyinyi atainunua mwenye lake, kisha atuamrie." Alinyamaza kidogo, akaniuliza: fedha itakaa wapi? Hilo ndilo swali, na ndilo lililoua tozo katika madiko mengi. Kwa hiyo nimeandika hivi. Fedha iingie kwa simu kwenye akaunti ya BMU, isishikwe mkononi na mtu yeyote, mimi nikiwa wa kwanza. Kutoa kuwe na sahihi tatu, moja ya mwanamke. Hesabu ya kila mwezi ibandikwe ukutani karibu na mizani, kwa maandishi makubwa, kiasi kilichoingia na kilichotoka, hadi bei ya boya.

Mama karanga, wanaokaanga samaki na kuuza, wamenijia wakiwa na hofu kwamba tajiri atawashushia wao mzigo. Wana haki ya kuhofu. Mimi nilikaanga samaki kwa jiko la kuni kabla ya kushika kitabu hiki, najua faida ya sufuria moja ilivyo nyembamba. Nimeweka kwamba anayenunua chini ya kilo tano kwa siku asikatwe, na kiwango hicho kijadiliwe mkutanoni, wao wakiwa na kura.

Pendekezo zima limebandikwa ofisini, kurasa mbili. Mwenye marekebisho ayaandike na kumpa karani kabla ya wiki ya mkutano. Kura itakuwa kwa kadi ya uanachama. Aliyepoteza kadi afike mapema atolewe nyingine.