Mali Inayotembea

Mwezi Agosti uliopita nilikuwa katibu wa kikao cha ukoo wetu huko Kibosho, mkoani Kilimanjaro, siku chache baada ya kuanua matanga ya babu. Muhtasari niliuandika katika kaunta buku, kwa sababu bila muhtasari wa kikao cha ukoo ni vigumu mtu kufungua mirathi Mahakama ya Mwanzo. Nilipiga mistari ya safu nne: namba, mali, thamani, mrithi. Kihamba, yaani shamba la ukoo, chenye kahawa na migomba, nyumba ya bati, ng'ombe wawili wa maziwa, mtamba mmoja, mbuzi watano. Kila kitu kilitajwa, kikakadiriwa, kikaandikwa.

Ilipofika zamu ya shangazi, ambaye ameolewa Machame na alikuwa amekuja kwa ajili ya msiba, baba mkubwa alisema kwa upole kabisa: "Ardhi haiolewi. Mpeni mtamba, yeye anatembea." Hakuna aliyepinga. Shangazi alitazama chini, akaitikia kwa kichwa, nami nikaandika jina lake mbele ya mtamba.

Mimi ni mwalimu wa historia, na kwa miaka kadhaa sasa nimekuwa nikisoma habari za mirathi ya wenye mashamba wa kusini mwa Marekani, kabla ya vita vya wenyewe kwa wenyewe vilivyoanza mwaka 1861. Usiku ule, nikinakili muhtasari kwa taa ya sola, maneno ya baba mkubwa hayakunitoka kichwani. Kule nako desturi ya familia nyingi ilikuwa kumpa mtoto wa kiume ardhi na kumpa binti mali inayoweza kumfuata kwa mumewe. Tofauti ni kwamba mali hiyo inayotembea ilikuwa watu. Shangazi yangu hakudhulumiwa kwa kiwango hicho, na mtamba si mtu, najua. Lakini nilitambua jinsi kikao cha watu wastaarabu, wenye kusali kabla ya kuanza, kinavyoweza kuligawa jambo zito kwa sauti ya upole.

Familia ninayoifahamu zaidi ni ile ya Custis, wa jimbo la Virginia. Daniel Parke Custis, tajiri wa tumbaku, alifariki mwaka 1757 bila kuacha wosia. Kwa sheria ya huko, mjane wake, Martha, alistahili kutumia theluthi moja ya mali maisha yake yote, wakiwemo watumwa, ila hakuruhusiwa kuwauza wala kuwaacha huru, kwa kuwa baada yake walipaswa kurudi kwa warithi wa marehemu. Mwaka 1759 aliolewa na George Washington, yule aliyekuja kuwa rais wa kwanza wa Marekani, na watumwa wa mirathi wakachanganyika na watumwa wa mume mpya katika mashamba ya Mount Vernon. Waliishi pamoja miaka 40. Walioana na kuzaa.

Mwaka 1799, miezi michache kabla ya kufariki, Washington aliandika orodha yao. Ilikuwa na watu 317: 123 walikuwa wake mwenyewe, 153 walikuwa wa mirathi ya Custis, na waliobaki karibu wote walikuwa wamekodiwa kutoka kwa jirani. Nimeitazama orodha hiyo mara nyingi. Ni safi, ina safu zilizonyooka, na kando ya majina imeandikwa nani ni mke au mume wa nani. Mwandishi wake, kwa hiyo, alijua vizuri ni ndoa zipi zilizovuka mstari kati ya mali yake na mali ya mirathi.

Katika wosia wake aliagiza kwamba watumwa wake waachwe huru mkewe akifariki. Martha hakusubiri, akawaacha huru tarehe 1 Januari 1801. Lakini wosia huo haukuweza kuwagusa wale 153. Isaac, fundi seremala, alikuwa wa Washington. Mkewe Kitty, aliyefanya kazi ya maziwa, alikuwa wa mirathi, na mabinti wao 9 walikuwa wa mirathi pia, kwa maana Virginia ilikuwa imetunga sheria tangu mwaka 1662 kwamba mtoto hufuata hali ya mama yake. Isaac akawa mtu huru, na watu kumi aliowaita familia yake wakabaki kuwa mali ya wajukuu wa mtu aliyekufa mwaka 1757. Martha alipofariki mwaka 1802, watumwa hao waligawanywa kwa wajukuu wake wanne.

Jambo lililonichukua muda kulielewa ni hili: kilichozitawanya familia hizo ni usawa. Baada ya mapinduzi dhidi ya Mwingereza, Virginia ilifuta mwaka 1776 ule utaratibu wa kuifunga ardhi ndani ya ukoo kizazi hadi kizazi, na mwaka 1785 ikafuta haki ya mtoto wa kwanza wa kiume kurithi ardhi yote pale ambapo hakuna wosia. Yalikuwa mageuzi ya kupongezwa. Lakini ili warithi wanne wapate sawasawa, wakadiriaji walioteuliwa na mahakama waliandika thamani ya kila mtu, wakapanga mafungu yenye jumla zinazokaribiana, na fungu lililozidi likafidia lililopungua kwa fedha. Mama mwenye watoto wachanga, kijana mwenye ufundi, mzee aliyeandikiwa thamani ya sifuri: wote waliwekwa na kuondolewa katika mafungu mpaka hesabu ikubali. Na marehemu akiwa na madeni, hata mafungu hayakufikiwa, kwa sababu kwa kawaida mali inayohamishika iliuzwa kwanza ili kuinusuru ardhi. Ndivyo ilivyokuwa kwa Thomas Jefferson, rais wa tatu wa Marekani, aliyefariki mwaka 1826 akiwa na deni linalozidi dola 100,000. Januari 1827 watu 130 walipelekwa mnadani katika shamba lake la Monticello.

Kuna mirathi nyingine ndogo ambayo huwa nawasomea wanafunzi wangu wa kidato cha sita. Mwaka 1825, katika mji wa Edenton, North Carolina, mwanamke mmoja alifariki na kumwachia mtoto wa dada yake mtumwa aliyeitwa Harriet Jacobs, msichana wa karibu miaka 12. Mrithi huyo alikuwa na miaka mitatu. Mtoto asiyejua kufunga kamba za viatu alimiliki binadamu, na kwa kuwa hakuweza kummiliki kwa vitendo, mamlaka yaliangukia mikononi mwa baba yake, daktari, ambaye alimwandama Harriet kwa miaka hadi msichana huyo akajificha karibu miaka saba katika uwazi mdogo chini ya paa la nyumba ya bibi yake. Wanafunzi huuliza kuhusu daktari. Mimi huwarudisha kwenye ile karatasi ya wosia.

Narudi kwa akina Custis. Mmoja wa wale wajukuu wanne, George Washington Parke Custis, alijenga Arlington, ng'ambo ya mto kutoka jiji la Washington, na kuwaweka huko watumwa aliowarithi kwa bibi yake. Huku kwetu mtoto wa nje akijitokeza msibani, kikao huweza kuvunjika. Kule mtoto wa nje alikuwa tayari ndani ya orodha ya mali. Maria Carter, ambaye wanahistoria wengi wanamkubali kuwa binti wa Custis, alizaliwa na mtumwa aliyeitwa Arianna, na kwa sheria ile ya 1662 alikuwa mtumwa wa baba yake mwenyewe. Katika pwani yetu, mtoto aliyezaliwa na suria na kutambuliwa na baba alikuwa huru na mrithi. Sayyid Barghash, aliyetawala Zanzibar kuanzia mwaka 1870, mama yake alikuwa suria. Siyasemi haya ili kuusafisha utumwa wa pwani, ambao misafara yake ilifika hadi huku mlimani. Nasema tu kwamba sheria ya Virginia ilichaguliwa na watu, na wangeweza kuchagua nyingine.

Custis alifariki Oktoba 1857. Wosia wake ulimpa kila mmoja wa wajukuu wake wanne wa kike dola 10,000, na ukaagiza watumwa waachwe huru ndani ya miaka mitano. Watumwa walisema marehemu aliwaahidi uhuru siku atakayokufa. Msimamizi wa mirathi, mkwe wake Robert E. Lee, aliamua kwamba lazima kwanza wafanye kazi hadi fedha za wajukuu hao, yaani mabinti wa Lee mwenyewe, zipatikane, akawakodisha wengine mbali na watu wao. Wesley Norris alitoroka mwaka 1859 pamoja na dada yake. Walikamatwa, na mwaka 1866 alisimulia jinsi walivyochapwa viboko. Hati ya uhuru ilisainiwa tarehe 29 Desemba 1862, miaka mitano ilipokuwa imekwisha.

Maria yeye aliachwa huru miaka mingi kabla, akapewa takriban ekari 17 ndani ya Arlington, bila hati. Mumewe, Charles Syphax, alibaki mtumwa wa shamba hilo hilo. Serikali ilipoichukua Arlington wakati wa vita, ekari za Maria nazo zilichukuliwa, kwa kuwa hakuwa na karatasi ya kuonyesha, na ilibidi Bunge la Marekani lipitishe sheria mwaka 1866 ndipo akarudishiwa. Alikuwa ameishi hapo miaka 40.

Kikao chetu cha pili ni Desemba, watu wote wakiwa wamerudi nyumbani. Nimemwandikia baba mkubwa kumwomba, kwa heshima zote, kwamba ajenda ya kwanza iwe sehemu ya shangazi katika kihamba, na kwamba iandikwe.