Benchi la Old Milverton

Nimeingia ndani sasa hivi, viatu vimejaa tope mpaka kwenye kamba.

Leo sikuwa na shifti, nikatoka kutembea. Ukiishi Leamington Spa, mji huku Uingereza, huhitaji gari kufika shamba. Unapita nyumba ya mwisho, unasukuma kageti, mbele yako ni shamba tupu. Mji umekatika hapo hapo, kama umechorewa mstari. Na kweli mstari upo: ni ukanda wa kijani, ardhi iliyotengwa ili mji usitanuke, kujenga hapo ni shughuli.

Njia ya miguu inakupeleka Old Milverton. Kanisa la Mtakatifu James, nyumba chache, mto Avon kule bondeni. Basi.

Lakini ni parishi kamili! Si parokia ya padri, hapana. Ni ngazi ya chini kabisa ya serikali za mitaa huku, ilianzishwa kwa sheria ya 1894.

Kwenye ubao wa matangazo nikakuta karatasi ya ajenda ya kikao, kona moja imelowa. Kufyeka nyasi. Mashimo ya barabara. Halafu, namba yake peke yake: benchi, ubao mmoja umelegea.

Nikasoma mara mbili. Watu wazima watatoka majumbani usiku, na baridi hii, wajadili ubao mmoja wa benchi!

Nikaenda kulikalia. Kweli, linacheza.

Nimemkumbuka mwenyekiti wetu wa kitongoji na daftari lake la kurasa mia, limekunjwa mfuko wa nyuma.

Jamani, kwenu kikao cha mwisho mlijadili nini?