Nilivyopima piramidi kwa fimbo ya selfi

Nimefundisha hesabu sekondari huko Tanga miaka tisa, na kila mwaka nawatoa kidato cha pili nje tukapime mlingoti wa bendera kwa kivuli. Kwahiyo Januari nilipopata nafasi ya kwenda Cairo kumuona mpwa wangu anaesoma Al-Azhar, watu wanawaza picha juu ya ngamia, mimi nimebeba futi ya fundi cherehani mfukoni.

Tulitoka asubuhi na metro mpaka Giza halafu daladala zao, foleni ya getini siisemi. Ukifika pale aisee picha zote ulizowahi kuona zinakuwa uongo, jiwe moja tu la chini linanifika kifuani. Nikatembea ubavu mmoja wa piramidi ya Khufu, ile kubwa kuliko zote, nahesabu hatua, 330, na hatua yangu ni sentimita 70 (niliipima kwenye korido ya hosteli), yaani kama mita 231. Mpwa akaniuliza mjomba umedondosha nini?

Inasimuliwa kwamba Thales, Mgiriki wa Mileto, karne ya 6 kabla ya Kristo, aliipima hii hii kwa kivuli, na wakati huo piramidi yenyewe ishapitisha miaka elfu mbili. Eti alisubiri mpaka kivuli chake kikawa sawa na urefu wake. Sasa mimi Januari ningesubiri mpaka kesho, maana jua la Cairo mwezi huo halifiki hata nyuzi 43 na ili kivuli kilingane na kitu unataka 45. Pale jua la saa sita linagonga 45 wiki ya pili ya Februari na mwanzoni mwa Novemba, basi. Ila hilo halina shida, uwiano wa kitu na kivuli chake ni ule ule kwa fimbo na kwa piramidi, hata mlingoti wetu hatujawahi kuungojea.

Saa sita na dakika chache kivuli kinaelekea kaskazini moja kwa moja, na pande za piramidi zimetazama kaskazini, kusini, mashariki na magharibi karibu bila kosa, kwahiyo kinatoka kwa pembe mraba kabisa kwenye ubavu. Nikasimamisha fimbo ya selfi, nimeivuta mpaka mita moja kamili, pembeni nimening'iniza funguo kwa uzi nione kama imenyooka, upepo nao unaupeperusha uzi, mpwa kaukinga na begi. Kivuli: sentimita 127. Hapo hapo mpwa akakimbilia kwenye ncha ya kivuli cha piramidi akasimama. Nikatoka alipo mpaka kwenye mawe ya chini, hatua 91, mita 63.7.

Gawanya kwa 1.27. Mita 50!

Nikarudia kwenye simu. 50. Piramidi ya Khufu, ghorofa kumi na tano tu. Nilisikia aibu kama nimekosea ubaoni mbele ya mkaguzi. Mpwa akacheka, akasema mjomba hii si ndo hesabu ya alasiri, alasiri inaingia kivuli cha kitu kikiwa sawa na kitu chenyewe, "lakini si unajumlisha na kile kivuli kilichokuwepo adhuhuri, usipojumlisha unaswali kabla ya wakati."

Unajumlisha! Mlingoti ni mwembamba, kivuli chake kinaanzia hapo hapo ulipo. Piramidi ina tumbo. Kilele kiko katikati na kivuli kinaanzia chini ya kilele, ndani kule, sehemu kubwa imelaliwa na mawe, mimi nilipima mkia tu. Nusu ya ubavu ni mita 115.5, jumlisha 63.7 unapata 179.2, gawanya kwa 1.27 ni mita 141.

Urefu wake wa leo ni kama 138.5, zamani kabla haijavuliwa mawe yake laini ya nje ilifika 146 na kitu. Mita mbili na nusu nimekosea na sijutii, kile kivuli ncha yake haina makali, kimefifia kama mita mbili hivi unabaki kukisia kinaishia wapi, na ardhi yenyewe haijalala sawa.

Sasa kulikuwa na mzee mmoja wa ngamia, muda wote kanifuata nyuma nyuma anahesabu kwa sauti na mimi, wahid, ithnin, nikadhani ananikejeli. Tukiwa tunafunga vitu akaja kumwambia mpwa kwamba yeye kapata 93 sio 91, na anataka bakshishi ya kazi. Nikapiga ya kwake haraka haraka, ikatoka karibu 142. Yangu iko karibu zaidi, nikamwonyesha kwenye simu. Akaiangalia, akaangalia piramidi, akanyoosha mkono vile vile. Nikampa.